Daktari Aliyerudi na Begi Lake

Mtaa mzima ulimwita Daktari tangu habari zilipofika kwamba chuo kikuu kimemchukua kusomea udaktari, kwa ufadhili wa watoto wa wasiojiweza. Mama yake, msusi wa barazani, alimtangaza binti yake kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwake. "Tulia vizuri," alikuwa akiwaambia wateja, "unasukwa na mama wa daktari."

Kule chuoni Daktari alizama kimyakimya. Shule aliyotoka haikuwa na maabara. Sayansi yote aliimeza ubaoni. Siku ya kwanza alipoinamia hadubini aliona kope zake mwenyewe, akazichora. Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu hapo hakuuliza swali tena. Mhadhiri akisema, "Kama mnavyokumbuka toka sekondari," wenzake waliitikia kwa kichwa, naye akaitikia vilevile. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka. Ilibidi arudie mwaka, na ufadhili haukumbeba anayerudia.

Alirudi nyumbani na begi lake. Alimkuta mama kwenye kigoda, mteja amekaa mkekani, nusu ya kichwa imesukwa.

"Huyo ndiye Daktari wangu," mama alimwambia mteja, kisha akamgeukia binti. "Mbona kimyakimya hivi? Mmefunga chuo?"

"Hatujafunga, mama. Nimefeli."

Mteja akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mikono ya mama ikasimama.

"Umefeli vipi?"

"Sikuwa naelewa tangu mwanzo. Nikaona haya kusema."

"Hata kwangu?"

"Kwako ndiyo zaidi."

Mama alimalizia kile kichwa, lakini mistari ilikwenda upogo. Mteja alijipapasa utosini, akaondoka. Mama akaingia ndani, akalala mchana kweupe, uso ukutani. Daktari hakuwahi kumwona hivyo. Waliobisha hodi aliwaambia mama anaumwa, na hakuona kama anadanganya.

Kesho yake mama aliamka, akavaa gauni lake la kuendea harusini, wakaenda wote chuoni. Afisa wa ufadhili, kijana mpole, aliwasikiliza.

"Mama, mikono yangu imefungwa. Watoto wa mpango huu wengi huanguka mwaka wa kwanza."

"Sasa mwanangu, kama mnajua wanaanguka, mbona mnawafungulia mlango kisha mnawaacha hapo hapo?"

Alichoweza kijana ni kumwombea Daktari mitihani ya marudio kabla ya mwaka mpya wa masomo. Akifaulu, ataendelea; akianguka, basi. Mwalimu wa kumsaidia hakuwepo.

Walipotoka, mama aliuliza, "Utaweza?"

"Sijui, mama."

"Haya. Afadhali umesema."

Siku hizi mteja akiuliza habari za Daktari, mama hujibu kwa mkato kwamba yuko ndani anasoma, kisha humvuta nywele kidogo asiulize zaidi. Na kweli yuko ndani. Kitabu kiko wazi mapajani, ukurasa ni uleule wa jana, na kila neno lisiloeleweka analirudia tena na tena.