Siku Mama Alipoulizwa Kama Atanichinja

Saa nne asubuhi niliitwa ofisini nieleze kwa nini mama yangu mzazi anataka kunichinja.

Siyo utani. Iliandikwa kwenye karatasi, na muhuri juu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkamwitia mama yangu polisi na nyinyi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwezi wa pili tangu nitue nchi ya watu kwa ile programu ya kubadilishana wanafunzi. Peke yangu. Begi moja, jaketi la kuazima, na lugha yao naiongea kwa kuokoteza.

Wiki tatu kabla ya hiyo karatasi, nilidondosha hadubini ya maabara. Kioo vipande. Mwalimu wa baiolojia, mpole mpaka anakera, akasema hakuna shida, ila utaratibu ni kumwandikia mzazi.

Kumwandikia mama yangu! Mama ni msusi, kanilea peke yake, na siku ya safari alinishika sikio akaniambia nisiende kumtia aibu.

Basi nikaanza kubembeleza. Nikachukua Kiswahili changu, nikakigeuza neno kwa neno kwenye lugha yao, nikamkabidhi mwalimu kama kilivyo.

Nikamwambia asiandike, mama atanichinja.

Akaacha kufuta ubao.

Nikaona bado uzito haujamwingia. Nikamwongezea mfano: dada yangu alipofeli mtihani, mama alimla mbichi.

Akauliza polepole, "Dada yako sasa yuko wapi?"

"Hayupo tena nyumbani."

Kaolewa, jamani. Ila neno la kuolewa lilikuwa sura ya tisa ya kitabu, na mimi nilikuwa sura ya nne.

Akasema barua haitaenda. Nikatoka pale natembea kwa mikogo, najiona mjanja kweli.

Simu za mama nikawa sipokei. Nilijua nikisikia sauti yake tu nitajitaja mwenyewe.

Sasa tuko ofisini. Meza ya duara, boksi la tishu, dirisha lisilofunguka. Mwalimu yupo. Mama mwenyeji, yule niliyekuwa naishi kwake, macho yamemvimba. Katikati kakaa ofisa wa ustawi wa watoto, fomu mbele yake.

Nikajitetea kwamba ni msemo tu. Ofisa akanitazama kwa huruma, akasema watoto wengi huwafichia maovu wazazi wao. Nikacheka kuonyesha ni mzaha. Akaandika kitu.

Kisha akanipa mpango. Wanampigia mama kwa mkalimani. Akikiri, leo hii nahamishiwa makazi ya watoto, masomo basi, na haruhusiwi kuongea na mimi mpaka uchunguzi uishe. Labda mwaka.

Na simu ikiwa hewani, nisifungue mdomo.

Mkalimani alikuwa sauti tu kwenye spika. Ya kiume, kavu. Akatangaza kwa lugha zote mbili kwamba atatafsiri kila neno, haongezi, hapunguzi.

Hapo nikajua nimekwisha. Namjua mama yangu.

Simu ikapokelewa. Nyuma draya la saluni linavuma.

"Mama, tunauliza rasmi. Je, umewahi kutamka nia ya kumchinja mwanao?"

"Nani huyu anaongea kama taarifa ya habari? Mwanangu yuko hapo?"

"Yupo. Tafadhali jibu swali."

"Mwambie akanyage hapa tu. Nitamchinja kwa mikono yangu."

Nikamsikia mkalimani akivuta pumzi. Halafu akatafsiri. Kila neno.

Mama mwenyeji akaziba mdomo. Ofisa akafungua kalamu. Mimi nikaanza kuwaza begi langu nililiweka wapi.

Kalamu ikasimama juu ya fomu. Swali la mwisho: kwa nini?

Draya likazimwa.

"Wiki tatu," mama akasema, na sauti haikuwa ile tena. "Wiki tatu hapokei simu yangu. Nasuka vichwa vya watu nakosea mistari. Halafu mnaniuliza kwa nini?"

Mkalimani hajamaliza kutafsiri, sauti nyingine ikadakia kule: "Mama, ni yeye? Hebu nipe nimtukane."

Ofisa akauliza huyo ni nani.

"Dada," nikaropoka. "Yule aliyeliwa."

Mwalimu akainamisha uso mezani, mabega yanatikisika. Ofisa akamtazama, akanitazama mimi, akafunga kalamu.

Fomu akairudisha kwenye faili.

Kabla hawajakata, mkalimani akaomba kusema lake binafsi. Akasema kwa Kiswahili, na ile sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imepasuka.

"Mama, na mimi niliharibu jambo nikanyamaza. Mwaka wa sita huu sijapiga nyumbani."

Mama hamjui hata kwa sura.

"Ukimaliza hapa uwapigie," akamwambia. "Usipopiga, nakuja kukuchinja na wewe."

Hiyo hakuitafsiri.

Ofisa akanigeukia, akauliza mama kasema nini.

"Anamsalimia," nikajibu.

Kwa hiyo nyinyi mlio mbali, mkiharibu kitu semeni siku hiyo hiyo, na simu ya mama pokeeni hata kama mnajua kinachokuja. Mimi ya hadubini nilimwambia jioni ya siku ile ya ofisini.

Mnajua alichonijibu.