Anayemimina Ndiye Anayeanza

Mama mpika pombe ya komoni wa Mikumi hampi mtu kopo kabla hajalionja mwenyewe. Hufuta ukingo kwa upindo wa khanga, hupiga funda moja, humeza akikutazama machoni, ndipo anakukabidhi kwa mikono miwili. Hata mlevi wa kila siku humfanyia hivyo, kwani anayemimina ndiye anayetoa sumu kwa kuonja kwanza. Basi Amon, muuzaji wa kiwanda kidogo cha bia, alipomimina bia nyeusi yenye kahawa na kumsukumia tu glasi mbele ya wateja wake, mama alijiona ametukanwa.

“Onja, mama. Ukiipenda, uiuze hapa.”

“Anza wewe.”

“Mimi nimeokoka, mama. Nauza tu.”

Mama akikasirika, sauti yake haipandi, hushuka. Safari hii ilishuka mpaka wateja wakasogeza vichwa kumsikia. “Wewe umeokoka, sisi tuangamie?”

“Kunywa, mtumishi!” akadakia Cleopa, mteja wa benchi la mbele. “Mchungaji hayupo!”

Amon akalowesha midomo.

“Meza!” mama akaamuru.

Akameza, uso umemkunjamana. Mama akafuta ukingo, akapiga funda. Ulimjia kwanza uchungu wa kahawa iliyokaangwa, kisha utamu kama wa miwa iliyopitiwa na moto. Akapiga funda la pili, na hasira ikazidi.

“Kitu kizuri namna hii,” alisema, “halafu unaniletea kama mchawi! Kesho usije wewe. Aje aliyeipika.”