Asidi Kwenye Betri Namba Nne

Nilimchukia siku ya kwanza, haki ya Mungu. Ilikuwa 2007, nami nilikuwa fundi wa betri za magari katika duka la Mhindi mmoja mjini Nakuru, mashati yangu yote yametobolewa na asidi. Yeye alikuwa msichana wa chuo, amekuja kufanya utafiti, na daftari lake na koti jeupe. Koti jeupe, kwenye betri! Nilicheka peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kupasua betri zilizokufa, nitoe madini ya risasi yaliyomo, niyayeyushe, tutengeneze plati mpya, yale mabamba ya ndani ya betri. Yeye akamwambia mzee mwenye duka kwamba nyingine hazina haja ya kupasuliwa: ziongezwe maji safi, zichajiwe polepole siku kadhaa, zitaamka. Mzee akampa sita ajaribu.

"Zikiamka," mzee akaniambia, "hiyo meza yako ya kupasulia tutaitoa."

Bila meza hiyo sikuwa na kazi. Halafu mzee akaanza kumwita fundi. Fundi! Jina nililolipata baada ya kufagia miaka mitatu, yeye kalipata kwa wiki mbili. Kwa wivu nikaacha kujibu salamu zake.

"Sasa, fundi?" ananiambia kila asubuhi. Mimi naendelea kupasua betri.

Siku moja alipoenda kula, nilichukua chupa ya asidi nikaijaza betri namba nne. Betri iliyochoka ukiipa asidi badala ya maji inachangamka siku chache, halafu inakufa kabisa. Kwa hasira zangu nilisahau hizo siku chache. Aliporudi akapima, kipimo kikapanda juu. Mzee akapiga makofi.

"Umeona, fundi? Imefufuka!"

Hakuwa anasema na mimi. Msichana hata hakutabasamu. Aliangalia kipimo, akaangalia doa bichi la asidi kwenye shati langu, akaandika kitu.

Mteja wa Kiamunyi aliichukua namba nne aendeshee televisheni. Wiki mbili baadaye akairudisha, imekufa. Mzee alimfokea msichana mbele ya watu, nami nikaendelea kuyeyusha risasi nikisema moyoni, afadhali.

"Pole, mzee. Ilikuwa makosa," akajibu, basi.

Zile tano zilizobaki zilikuwa zinafanya kazi vizuri, lakini mzee hakutaka tena kusikia. Msichana akakunja koti lake, akaniaga, akaenda. Meza yangu ikabaki.

Alikuwa amebandika karatasi ya vipimo vyake ukutani. Nilipoibandua niitupe, nikaona kwa nyuma mstari kuhusu namba nne: "Isihesabiwe. Fundi aliongeza asidi."

Alijua siku zote, na hakunichongea. Na hata pale alipokuwa peke yake na kalamu yake, aliniita fundi. Mimi mpaka anaondoka sikuwahi kumwita hivyo, hata mara moja.