Simu Ilisema Hayupo

Programu ile ya simu niliiandika mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya kuazima, ili wakulima wa mwani wa Jambiani wagaiwe kamba za kupandia bila ya kupekua madaftari. Unaandika jina, simu inaiuliza kompyuta ya mjini, jibu linakuja.

Siku ya mwisho ya bamvua, zile siku chache za kila nusu mwezi maji yanapotoka mbali sana, watu wakapanda mwani, alikuja Bi mmoja mtu mzima. Nikaandika jina lake. Simu ikajibu papo hapo, nikalisoma jibu kwa sauti: "Hayupo."

"Mie sipo? Basi huyu unayesema naye nani, mwanangu, jini?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaiamini simu. "Jina lako halimo, Bi." Akaondoka mikono mitupu.

Kabla sijamwita mwengine, jina lake likatokea kwenye kioo. Mtandao ulikuwa mzito, hilo kweli, lakini si mtandao ulioandika "Hayupo". Ni mimi niliyeiacha programu iseme kabla jibu halijafika, na mpaka leo sijui vipi sikulifikiria.

Nikamkimbilia na kamba zake. Nilimkuta pwani, maji yashaanza kujaa.

"Shikamoo, Bi. Umo."

"Marahaba," akaitika, akazipokea. "Ntapanda bamvua jengine."