Mlango wa Chumba cha Dada

Nyumba ya wazazi wetu hapa Mpanda ina milango mitano ya ndani. Minne ililiwa na mchwa. Wa tano, wa chumba cha dada yangu, ni wa mninga na haukuguswa na mdudu. Una jeraha moja tu, la shoka, kando ya kitasa, upande wa sebuleni. Shoka hilo nililipiga mimi.

Nilipostaafu nikarudi kuishi na dada, aliniachia kiti kimoja sebuleni, kile kinachotazamana na mlango wake. Miaka sita hakuliziba lile jeraha. Mgeni akiuliza, anamweleza, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Kwa hiyo fremu zilipoanza kumwaga unga wa mchwa sakafuni, nilifurahi. Nilikwenda Katumba kwa fundi, nikaagiza milango mitano, fremu zake, na zile mbao nyembamba za kuziba mwanya kati ya fremu na ukuta. Dada nilimwambia minne.

Siku ya pili ya kazi fundi alifika kwenye mlango wake, akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Huu mlivamiwa na wezi, mama?"

Dada alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Ndiyo. Mwizi mwenyewe huyo anakushikia nyundo."

Fundi akacheka, kisha akatuona nyuso zetu, akaacha.

Mama alilazwa chumba hicho alipougua, kabla sijastaafu. Nilifika kutoka Tabora nikiambiwa ana siku tatu hali kitu, nikakuta dada amejifungia naye. Alinijibu kutoka ndani kwamba mama mwenyewe amekataa hospitali, anataka kufia kwake. Sikumwamini. Nilidhani amechoka kuuguza. Nikaenda jikoni nikachukua shoka la kuni, na pigo la nne kitasa kiliachia, nikampakia mama kwenye gari kwenda hospitali. Mama alifariki siku mbili baadaye, wodini. Msibani dada alipokea mkono wa kila mtu isipokuwa wangu.

"Fundi, ng'oa," nikasema.

"Akiugusa, ataanza kuning'oa mimi." Dada aliweka ungo chini, akaja akaegemea mlango. "Uliniambia minne."

"Mchwa wako kwenye fremu. Wataingia na huku."

"Basi abadilishe fremu. Mlango wangu unarudi."

"Unarudi kwa kazi gani? Kunitukana kila nikinywa chai?"

"Ndiyo."

Nilimwita mchawi. Akaniita muuaji. Fundi akakusanya vifaa vyake taratibu. "Nyie wazee," akasema, "mimi niko nje. Mkielewana mniite."

Tulibaki wawili. Nilitaka kumwambia kwamba mama alinisemesha kwenye gari, kwamba alisema, "Nirudisheni," nami nikamwambia dereva aongeze mwendo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mdomo ulifunguka, kikatoka kingine kabisa.

"Hata leo ningeuvunja."

"Najua," dada akasema. "Ndiyo maana sitaki uharibu mwingine."

Nikatoka nikamwambia fundi abadilishe fremu, mlango aurudishe. Aliuliza kama aupige randa na vanishi, ufanane na mingine. Dada akamjibu kutoka ndani kwamba akithubutu hatakula chakula chake. Jioni alimpakulia ugali na maharage, akakaa naye wakizungumzia tumbaku ya Katumba kama watu waliosoma pamoja. Sahani yangu niliipata jikoni, imefunikwa, imepoa.

Mlango mpya wa tano ulibaki umeegemezwa kwenye korido hadi dada alipompa mwanamke mmoja wa Kasokola aliyekuwa anajenga. Hakuniuliza, na mimi sikudai.

Mvua zilipoanza, milango mipya ilivimba. Fundi aliapa mbao zilikuwa kavu, lakini wangu ulikuwa haufungi bila kusukumwa kwa bega. Dada alinisikia nikihangaika, akapaza sauti, "Tumia shoka." Nilimrudishia tusi ambalo sijawahi kumtolea mtu mwingine. Nikamsikia ndani kwake anacheka, kicheko kibaya, cha muda mrefu. Nilisimama pale bega likiuma, nikasubiri amalize, nikasukuma tena.