Robo ya Kampuni

Mie na mwenzangu tulianza kutengeneza chakula cha kuku kwa damu ya ng'ombe. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Chang'ombe. Mie nilisomea lishe ya mifugo. Kila asubuhi tulichukua damu machinjioni Vingunguti, tukaikausha kwenye mtambo aliouunda mwenyewe kwa mapipa na mabati, kisha tukaisaga. Wafugaji waliipenda, lakini mtambo ulikuwa mdogo. Tulipokwenda benki tuliombwa hati ya nyumba, na sie wote tulikuwa wapangaji.

Ndipo tukapeleka maombi kwingine, tukaitwa Msasani, kwenye ofisi ya mfuko unaowekeza katika kampuni changa. Msimamizi alikuwa mama wa makamo. Tukampa shikamoo, tukaeleza kazi yetu. Alipouliza kama tumewahi kuharibu, mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema hivyo hivyo: mwanzoni tuliuza mzigo ambao haukukauka vizuri, na kuku wa mama mmoja wa Mbagala wakafa.

"Mkafanyaje?"

"Tulimnunulia vifaranga wengine. Tukasimamisha mauzo mpaka tukajua kosa liko wapi."

Njiani mwenzangu alinilaumu kwa kusema yale. Siku mbili baadaye yule mama wa Mbagala akatupigia simu, akitaka kujua ni nani huyo mgeni aliyekaa barazani kwake tangu asubuhi, akimuuliza habari zetu.

Tuliporudi Msasani, msimamizi alisema yule mgeni alikuwa mtu wake, kisha akatuambia kwamba yeye hatatukopesha. Atanunua robo ya kampuni. Tukipata faida naye anapata, tukifilisika naye amepoteza. Mwenzangu aliona robo ni kubwa mno. Tulitoka nje kushauriana.

"Huu mtambo ni jasho langu," alisema.

"Ni lako, na hauwatoshi hata wateja tulionao," nilimjibu.

Tukaingia tukaomba iwe sehemu moja ya tano. Akakubali, kwa sharti kila mzigo upimwe maabara kabla ya kuuzwa. Hilo ningelitaka hata asingelisema.

Leo tuna mtambo mkubwa, na mwenzangu anafundisha mafundi wenzake kuuendesha. Msimamizi huja kila mwezi, anavaa buti za mpira na kuuliza maswali magumu. Mwezi uliopita alitaka tufungue tawi Morogoro. Tulimweleza kwa nini bado, naye akatuelewa.