Chungu cha Mama Kilichofika Ujerumani

Mwizi ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Namtaja mapema, msije mkasoma mpaka mwisho mkimtafuta.

Mama alipokufa, kabla ya vita ya kwanza, tuliweka chungu chake juu ya kaburi. Kwetu chungu cha kaburini lazima kitobolewe, mtu asikitamani. Nilipewa mimi kazi hiyo, mtoto wake wa pekee. Nikakosea. Badala ya kutoboa chini nikatoboa ubavuni, ufa ukapanda mpaka mdomoni.

Wiki haikuisha, chungu hakipo. Mjomba akasema mbele ya watu, "Muulizeni huyu. Ameuza chungu cha mama yake."

Nikafukuzwa. Nilikulia majikoni mwa watu. Hata nilipohamia Kihesa, Iringa, mtu mzima, habari ilinifuata, wanawake kisimani waliniita mla-kaburi.

Miaka ya hamsini nilikuwa namfulia mtawa mzee, Mjerumani. Alipougua akataka kufia kwao, nikasafiri naye, maana kutembea bila kushikwa mkono alikuwa hawezi. Kijiji chao kidogo, lakini kina makumbusho mawili: moja la majembe na viatu vya mbao, la pili nyumba ya mchoraji wao aliyewahi kuishi huku kwetu. Humo wanaingia wamevua kofia, kama kanisani.

Nikakiona. Ufa ule ule.

"Wameandika nini hapa, Sista?"

"Kichujio cha pombe."

"Tobo moja, tena ubavuni! Kinachuja nini, Sista?"

Juu yake pana picha aliyoichora mchoraji mwenyewe. Mwanamume amekumbatia chungu hicho hicho, kavaa koti refu la kizungu, sikio la kushoto limekatika nusu. Sikio ni la mjomba, na koti lile nalijua. Mjomba alituambia alipewa kwa kubeba mizigo.

Niliporudi sikupumzika. Nilipanda lori la Mbeya, kwetu, nikamkuta kakaa kwenye jua na wajukuu zake, mzee wa kanisa sasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ulaya kuzuri?"

"Kuzuri. Wamekuchora vizuri, mpaka na sikio."

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Baridi ilikuwa kali mwaka ule, mwanangu."

"Na mimi uliyenifukuzisha, nilijifunika nini?"

Nikawasimulia wajukuu yote, neno kwa neno, yeye akiniomba ninyamaze. Akaomba nimsamehe. Nikakataa, na mpaka leo nakataa.

Alikufa kipupwe kilichofuata. Nilikwenda na chungu kipya, kikubwa, kizuri kuliko vyote vya sokoni, nikakiweka kichwani pa kaburi lake.

"Shangazi, umesahau kukitoboa," wajukuu wakasema.

"Sijasahau."

Siku ya tatu nilipita tena makaburini. Pale nilipoweka chungu palikuwa peupe. Nikaenda stendi kungoja lori la Iringa, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala yote.